SOMO: Sakafu ya mbao ya nje, uipake rangi au staini?

Ndugu zangu, wengi huingia dukani na swali moja tu: rangi gani itapendeza? Mimi huanza na jingine: ikishachoka, itaharibikaje? Chochote unachopaka kwenye mbao inayopigwa na jua na mvua kitachoka. Rangi ikichoka hubambuka; staini, yaani dawa ya rangi inayozama ndani ya mbao, ikichoka huchujuka. Sakafu iliyochujuka unaiosha, unaiacha ikauke, unaipaka tena. Iliyobambuka itakupigisha magoti na kikwaruzo mkononi, siku baada ya siku.

Hilo nimelijua kwa kuumia. Sakafu ya kwanza niliyoipaka mwenyewe niliipa makoti matatu ya rangi ya mafuta, ikang'aa kama sahani. Msimu mmoja wa mvua ulipopita ikatoa malengelenge kwenye maungio, kisha ikaanza kutoka vipande vipande. Nilipoinua vile vipande, mbao ya chini yake ilikuwa imelowa chapachapa. Siku nne nzima nilikuwa nakwangua.

Kwanza, ujue kinachotokea ndani ya mbao

Rangi hukaa juu na kufanya ngozi. Ukutani ngozi hiyo inafaa sana, kwa sababu maji huteremka na kuondoka. Sakafuni maji hutuama, miguu husugua, na mbao yenyewe haitulii: ikinywa maji hutanuka kwa upana, ikikauka husinyaa, ingawa urefu wake haubadiliki sana. Ngozi ya rangi haiwezi kuufuata mchezo huo kila siku. Hupasuka palipoungwa na palipopigwa misumari, maji huingilia hapo, halafu hayana pa kutokea kwa urahisi. Jua likiwaka, unyevu ulionaswa huisukuma ngozi kutoka chini, na hayo ndiyo malengelenge.

Staini nusu-wazi huzama ndani ya nyuzi pamoja na chembe zake za rangi. Haiachi ngozi, kwa hiyo hakuna cha kubambuka, na unyevu hupata njia ya kutoka. Zile chembe ndizo kivuli cha mbao. Mionzi ya jua huvunja lignini, ile gundi ya asili inayoshika nyuzi za mti, ndiyo maana mbao iliyoachwa uchi hugeuka kijivu. Kadiri chembe zinavyokuwa nyingi, ndivyo kinga inavyodumu. Dawa ya wazi kabisa husaidia maji yasiingie, lakini juani mara nyingi huisha ndani ya mwaka mmoja. Staini nusu-wazi hukaa miaka 2 hadi 3. Staini nzito, inayoficha mistari ya mbao, hufika 3 hadi 5, lakini angalia: hiyo ni nusu ya njia kuelekea rangi. Nayo hufanya ngozi nyembamba, na ukiilundika koti juu ya koti, itabambuka.

Msimamo wangu ni huu: pa kukanyaga, staini nusu-wazi. Nguzo na vizuizi vya pembeni, ambako maji hayatuami, paka rangi ukipenda, tena itapendeza. Sakafu iliyo chini ya paa, isiyopata mvua, nayo huvumilia rangi vizuri. Na kama mbao ni ya zamani, imejaa viraka na madoa yasiyotoka, staini nzito itakusitiri.

Pili, iulize mbao yenyewe

Dondosha matone machache ya maji mahali mbalimbali. Yakizama ndani ya dakika chache, mbao iko tayari kunywa. Yakikaa juu kama shanga, kuna dawa ya zamani au mbao bado imejaa unyevu, na staini itabaki juu ikinata. Mwenye kipimo cha unyevu asubiri kishuke chini ya asilimia 15. Halafu chukua bisibisi uchomechome karibu na misumari na kwenye vichwa vya mbao, yaani ncha zilizokatwa. Ikizama kirahisi, hapo pameoza. Badilisha ubao kwanza, maana hakuna kopo litakalouponya.

Tatu, safisha bila kuumiza

Sabuni ya mbao, maji na brashi ngumu vinatosha kwa uchafu wa kawaida. Mashine ya maji ya kasi naiogopa: ukiisogeza karibu inachana nyuzi na kuacha manyoya. Kuvu nyeusi huondoka kwa dawa ya klorini iliyochanganywa na maji. Madoa ya bluu-nyeusi yanayozunguka misumari hutokana na chuma kukutana na tanini, kemikali ya asili iliyomo kwenye mti, na hayo dawa yake ni asidi ya oksaliki, ukivaa glavu na miwani. Tafadhali, klorini na asidi visikutane kamwe, hata kwenye ndoo moja, wala usitie klorini pamoja na amonia. Hewa inayotoka hapo ni sumu. Suuza kabisa kimoja ndipo ushike kingine.

Msasa namba 60 hadi 80 unatosha. Ukiendelea na msasa laini zaidi unaziba vinyweleo, na staini itakosa pa kuingia.

Nne, kupaka

Chagua siku kavu isiyo na jua kali, na mbao isiwe ya moto. Koroga kopo mara kwa mara, kwa sababu chembe huzama chini na ubao wa mwisho utatoka tofauti na wa kwanza. Shika mbao mbili au tatu, uzipake kutoka mwanzo hadi mwisho bila kusimama. Ukikatiza katikati, mahali koti bichi lilipopanda lililokauka pataonyesha mstari mweusi usiofutika. Rola ni sawa kwa kueneza, ila pita na brashi nyuma yake ili staini iingie.

Vichwa vya mbao vipe cha kutosha. Huko ndiko mishipa ya mti imekatwa, hunywa maji kwa wingi kuliko uso wa ubao, na ndiko kuoza huanzia. Baada ya dakika kama 15, kilichobaki juu bila kuzama kipanguse. Kama maelezo ya kopo yanataka koti la pili la staini ya mafuta, mara nyingi lipakwe kabla la kwanza halijakauka, maana likikauka huziba njia.

Jambo la mwisho ni zito kuliko yote hapa. Matambara yenye staini ya mafuta, hasa ya linsidi (mafuta ya mbegu za kitani), usiyakunje wala usiyarundike. Mafuta yakikauka hutoa joto, na rundo linaweza kuwaka lenyewe usiku watu wamelala. Yatandaze nje moja moja hadi yakakamae, au yatie kwenye kopo la chuma lenye maji na ulifunike.

MASWALI YA WANACHAMA

*Shikamoo fundi. Sakafu yangu tayari ina rangi, imebanduka nusu. Naweza kupaka staini juu yake?*

Marahaba. Haiwezekani, staini haipiti kwenye rangi. Una njia mbili. Ukwangue yote hadi mbao ionekane ndipo upake staini, au ukwangue iliyolegea tu, upige msasa kingo, uweke praima (rangi ya msingi ya kushikisha) palipo wazi na upake rangi tena. Kama zaidi ya nusu bado imeshika vizuri, sitakulaumu ukichagua ya pili, ila ujue utairudia. Na kama rangi ni ya zamani sana, ipime kama ina risasi, ile madini yenye sumu, kabla ya kupiga msasa. Marekani iliipiga marufuku rangi ya risasi majumbani mwaka 1978, na kwingine ilikaa sokoni muda mrefu zaidi. Vumbi lake huwadhuru watoto vibaya mno.

*Fundi, mbao zangu ni mpya, zimetiwa dawa ya kuzuia mchwa, bado nzito kwa maji. Nisubiri mwaka?*

Mwaka ni mwingi mno, dada. Jua litaanza kuula uso wa mbao ndani ya wiki chache tu, na uso uliolika haushiki rangi vizuri. Pima kwa tone la maji kila wiki. Siku litakapozama, osha, acha ikauke, paka.

*Naomba kuuliza kuhusu vanishi ya boti. Si inastahimili maji?*

Maji inastahimili, ila nayo ni ngozi, tena ya wazi. Kwenye boti watu huipiga msasa na kuirudia mara kwa mara. Sakafuni itapasuka kama rangi, na ikilowa huteleza.

*Sisi tumejenga kwa mtiki. Staini nusu-wazi ya kawaida inatufaa?*

Mtiki ni mgumu na una mafuta yake, kwa hiyo haunywi sana. Tafuta mafuta mepesi ya mbao ngumu yenye chembe za rangi, paka koti moja jembamba na upanguse yote yaliyobaki juu. Na kama kijivu chake hakikuudhi, kaka, uache hivyohivyo. Mtiki mzuri huvumilia nje bila kupakwa chochote, bora uufagie na usiache majani yakirundikana kwenye mianya.