Funika fungu la kwanza mtoto anapojumlisha

Mtoto anayejumlisha 5 na 3 kwa vizibo huelekea kuhesabu vyote upya kuanzia 1, hata kama fungu la kwanza amekwisha kulihesabu. Vifunike vile 5 kwa kikombe mbele ya macho yake, weka 3 kando, kisha umwulize jumla: kwa kuwa hawezi kuvigusa vilivyofichwa, hulazimika kuishika 5 akilini na kuendelea, "6, 7, 8". Akigusa kizibo cha kwanza cha nje huku akisema "5" atapata 7, kosa la kawaida sana, hivyo agonge kikombe kwanza akitaja 5. Mbinu hii haimfai asiyeweza bado kuhesabu kuanzia katikati. Huyo atachungulia au kukisia, na ni afadhali aendelee na vizibo vilivyo wazi.