Kusoma takwimu za kujifungulia nyumbani ukiwa Tanga

Kliniki swali hili haliishi: "Kama Wazungu wanazalia nyumbani na utafiti unasema ni salama, mie nikapange foleni Bombo, hospitali ya mkoa, ya nini?" Ni swali la haki, wala halijibiwi kwa kukemea. Fungua utafiti wenyewe uone umemhesabu nani na umehesabu nini, halafu shika saa upime njia ya kutoka kitandani kwa mama hadi chumba cha upasuaji. Mwongozo huu ni wa mkunga na mwanafunzi wa ukunga, lakini mume au mama mkwe anayetaka kukata shauri kwa akili naye aukalie.

Kwanza: tafuta neno "uliopangwa"

Uzazi wa nyumbani uliopangwa, kwenye tafiti hizi, una masharti yake. Mama amepimwa akaonekana hana hatari. Wakunga waliosomea wanakuja nyumbani na vifaa. Hospitali inamjua, na gari la wagonjwa linajulikana litatoka wapi. Mama wa Kirare aliyejifungua saa nane usiku kwa sababu usafiri haukupatikana hayumo humo, na aliyezalishwa na bibi hayumo pia.

Kwetu, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta watoto 81 kati ya 100 wanazaliwa vituoni. Waliobaki ni mchanganyiko: waliokosa nauli, waliozalia njiani, walioogopa lugha ya wodini, walioamini mkunga wa jadi. Ukiwachukua hao ukawalinganisha na mama wa Uholanzi mwenye mkunga wake sebuleni, hesabu yako haina maana, kwa upande wowote unaotaka kuutetea.

Pili: aliyehamishwa amehesabiwa wapi?

Hapa ndipo takwimu nyingi zinapodanganya bila mtu kusema uongo. Mama ameanza uchungu nyumbani, mambo yameharibika, amekimbizwa hospitali, mtoto kafia huko. Ukihesabu kwa mahali alipozaliwa, kifo ni cha hospitali na nyumba inabaki safi. Ukihesabu kwa mahali alipopanga kuzalia, ni cha nyumbani. Jimbo la Oregon, Marekani, lilianza kuandika kwenye cheti cha kuzaliwa mahali mama alipokusudia kuzalia, na watafiti wakautumia uzazi wa 2012 na 2013. Waliopanga kuzalia nje ya hospitali walipoteza watoto 3.9 kwa kila 1,000, waliopanga hospitali 1.8. Utafiti usiosema wazi umetumia njia ipi, uweke kando.

Usisubiri pia jaribio la kupanga akina mama kwa bahati nasibu. Lililowahi kufanyika Uingereza, likachapishwa 1996, lilipata wanawake 11 tu. Hakuna anayekubali kuchaguliwa mahali pa kuzalia kwa kura. Kwa hiyo tunabaki na tafiti za kufuatilia, na anayechagua nyumbani mara nyingi ni mwenye afya na nafasi kuliko jirani yake.

Tatu: namba inahesabu nini?

Utafiti unaotajwa sana ni ule wa Uingereza uliochapishwa 2011, wenye wanawake 64,538 wasio na hatari. Kwa mama aliyekwisha kuzaa, hakukuonekana tofauti ya maana kwa mtoto kati ya nyumbani na hospitali. Kwa mimba ya kwanza tofauti ilikuwepo: 9.3 kwa 1,000 nyumbani, 5.3 hospitali. Wengi huzisoma namba hizo kama vifo, na sivyo. Ni mfuko mmoja wenye vifo, mtoto kuathirika ubongo, kuvuta kinyesi cha tumboni mapafuni, na kuumia mshipa wa bega au mfupa wakati wa kutoka.

Namba ya kuikodolea macho ni nyingine. Kati ya wenye mimba ya kwanza waliopanga nyumbani, asilimia 45 walihamishwa, wakati wa uchungu au mara baada ya kuzaa. Waliokwisha kuzaa ni asilimia 12. Yaani wapange wenye mimba ya kwanza 20, tisa wanapanda gari. Wengi si kwa mkimbio, ni uchungu uliosuasua. Lakini gari lipo, barabara ipo, na wodini wanamsubiri. Matokeo mazuri ya utafiti ule yamejengwa juu ya safari hizo. Ukizitoa safari, namba zote zinaanguka, na zitakazobaki hakuna aliyezipima.

Nne: pima njia yako

Usipime kilomita, pima dakika, na usianzie barabarani. Gawa safari mafungu matano uandike: kugundua kuna tatizo, kukata shauri, kupata chombo, njia yenyewe, na kutoka getini hadi mtu avae glavu. Kwa mfano, mama wa Tongoni anaweza kujikuta na karatasi kama hii: dakika 10, 25, 30, 40, 20. Jumla 125. Barabara, ambayo kila mtu huilaumu, ni theluthi tu. Kukata shauri na kutafuta chombo vimekula dakika 55, na hizo unaweza kuzipunguza leo kabla hujaomba lami kwa mbunge.

Fanya jaribio usiku wa manane, na ukiweza wakati wa masika. Mpigie dereva kweli, uone kama anapokea. Uliza: mume akiwa dago, yaani kambi ya uvuvi, nani anaruhusu mama aondoke? Pesa iko kwa nani? Anayekaa Bweni aongeze muda wa kuuvuka mto Pangani. Hakikisha pia kwamba familia inaijua namba 115 ya m-mama, ambayo ni ya bure na hupanga usafiri wa dharura wa mama na mtoto mchanga. Pima hadi kituo chenye upasuaji na damu ya kuongezwa, si hadi zahanati ya karibu, maana kwa upasuaji wa haraka kipimo kinachotumika Uingereza ni dakika 30 kutoka uamuzi hadi mtoto kutolewa.

Tano: damu, na jaribio la kanga

Mwisho wa ujauzito, mfuko wa uzazi hupitisha damu takriban nusu lita hadi mililita 700 kila dakika. Kondo la nyuma likishatoka, kinachoizuia ni misuli ya mfuko kujikaza. Ukilegea, mama mzima wa afya anaweza kufa ndani ya saa mbili hivi. Mwenye upungufu wa damu, na pwani hii yenye malaria wapo wengi, hafiki huko. Rudi kwenye ile karatasi ya dakika 125.

Macho hayapimi damu. Fanya jaribio hili na wanafunzi au na familia. Chukua kanga kuukuu, ipime kavu kwa mizani ya jikoni. Chemsha choya, upoe, pima mililita 300, mwaga juu ya kanga iliyokunjwa mara nne, kisha kila mtu akisie. Wengi watasema kidogo kuliko ilivyo. Ipime tena: kila gramu iliyoongezeka ni karibu mililita moja. Rudia kwenye sakafu ya saruji, ambapo damu hutanda ikaonekana bahari, na kwenye mkeka juu ya udongo, ambapo hupenya ikapotea. Hapo pa mkeka ndipo watu wanapofia mbele ya ndugu waliosema "damu si nyingi".

Kupima huko kumethibitishwa. Utafiti uliochapishwa 2023, katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, uliweka chini ya mama mfuko wenye alama za ujazo. Dalili za hatari zikionekana kwenye mililita 300, au damu ikifika 500, matibabu yote yalianza pamoja: kukanda mfuko wa uzazi, oksitosini (dawa ya kuukaza), asidi ya traneksamiki (dawa ya kupunguza kuvuja damu), dripu, na kutafuta chanzo. Kuvuja kukubwa, kupasuliwa tumbo au kufa kwa damu kulishuka kutoka 43 hadi 16 kwa kila 1,000.

Sasa peleka hayo nyumbani. Oksitosini, yuniti 10 za sindano ya msuli mara mtoto anapotoka, inataka baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Ikizunguka ndani ya mkoba juu ya bodaboda jua la Januari, utachoma dawa iliyopungua nguvu usijue. Misoprostoli, dawa nyingine ya kukaza mfuko wa uzazi, mikrogramu 600, yaani vidonge vitatu vya 200, huvumilia joto zaidi ikikaa kavu kwenye pakiti yake. Hutolewa baada ya mkunga kupapasa tumbo kuhakikisha hakuna pacha. Ikimezwa mtoto bado yumo, inaweza kupasua mfuko wa uzazi.

Sita: mikono minne

Karibu watoto 10 kati ya 100 huhitaji msaada kuanza kupumua: kukaushwa na kusuguliwa mgongo, na asiposhtuka, kupuliziwa kwa begi na barakoa kabla dakika moja haijaisha. Mafunzo ya hatua hizo katika hospitali nane za Tanzania, yaliyochapishwa 2013, yalipunguza vifo vya saa 24 za mwanzo kwa asilimia 47. Mtu mmoja hawezi kushika begi la mtoto na kukanda mfuko wa mama kwa wakati mmoja. Ndiyo maana Uingereza, mtoto akikaribia kutoka, huwa na wakunga wawili chumbani. Mkunga akikwambia atakuja peke yake, mjadala umeisha.

Nani hata asijadiliwe

Aliyepasuliwa, mwenye pacha, mtoto aliyekaa vibaya, presha 140/90 au zaidi, kisukari, selimundu, kipimo cha damu (hemoglobini) chini ya gramu 11, aliyewahi kuvuja damu au kubakiwa na kondo, aliyezaa mara tano na kuendelea, mimba chini ya wiki 37 au iliyopita 42. Mimba ya kwanza niiongeze mimi, kwa sababu ya ile asilimia 45.

Ukishawatoa hao, na ukadai wakunga wawili, dawa baridi na gari lililo tayari, nyumba zitakazobaki Tanga ni chache, na nyingi ziko mwendo mfupi kutoka Bombo. Kwa wengine wote, kazi yenye faida ni kusogea mapema: tangu wiki ya 38 akae kwa ndugu mjini, Ngamiani au Makorora. Nyuma ya kadi ya kliniki yaandikwe kwa kalamu ya wino: kundi la damu la mama, majina mawili ya watu wa kundi linalolingana, namba za madereva wawili, 115, na jina la mtu mwenye ruhusa ya kusema "twende" mume asipopatikana.