Kusomea PTA Marekani: yajue haya kabla hujalipa ada

Aliyewahi kufanya kazi ya CNA, yaani msaidizi wa muuguzi, kwenye nyumba ya wazee anawajua kwa sura. Wanaingia chumbani asubuhi na mkanda mpana mkononi, wanamsimamisha bibi aliyevunjika nyonga, wanamtembeza mpaka mlangoni na kurudi, kisha wanakaa pembeni kuandika dakika za tiba. Wengi wao si wataalamu wa tiba ya viungo wenyewe. Ni wasaidizi wao, kwa kifupi PTA: miaka miwili ya chuo, mtihani mmoja wa taifa, leseni ya jimbo. Mshahara wa kati umepita dola 60,000 kwa mwaka, wakati msaidizi asiye na leseni katika kliniki hiyohiyo hupata takriban nusu yake.

PTA hampimi mgonjwa mara ya kwanza, hatoi uamuzi wa tatizo lake, wala habadilishi mpango wa tiba. Hayo ni ya mtaalamu mwenye shahada ya udaktari wa fani hiyo, DPT. PTA anautekeleza mpango, anapima maendeleo na kutoa taarifa. Ndiyo maana usiilinganishe na stashahada ya fiziotherapia ya KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba kule Kenya: aliyesoma KMTC miaka mitatu anampima mgonjwa na kupanga tiba mwenyewe, PTA hana mamlaka hayo hata akiwa na uzoefu wa miaka 20. Kama tayari ulisomea fiziotherapia nyumbani, usikimbilie kuanza upya. Kwanza peleka matokeo yako ya masomo yakatathminiwe na FCCPT, shirika linalopima masomo ya fiziotherapia ya nje ya Marekani, kisha uliza bodi ya leseni ya jimbo lako inakukubalia nini.

Jambo la pili ni makaratasi ya uhamiaji, na hapa watu wameumia. Kozi hii inamfaa zaidi aliye tayari na kadi ya kijani, uraia au hadhi ya ukimbizi. Aliyekuja kwa viza ya mwanafunzi anaweza kuisoma, na baada ya hapo akapata mwaka mmoja wa kufanya kazi, lakini njia inaishia hapo au karibu na hapo. Viza ya kazi ya H-1B inadai nafasi inayohitaji shahada ya kwanza, na PTA ni ya miaka miwili tu. Ile orodha ya serikali inayorahisisha kadi ya kijani kwa waajiriwa, Schedule A, inawataja wauguzi na wataalamu wa tiba ya viungo. PTA hawamo. Wakala akikuambia vinginevyo, mwombe akuonyeshe ilipoandikwa.

Kuhusu fedha: chuo cha jamii, kwa mkazi wa jimbo, ndicho cha bei nafuu, na ukazi wa jimbo kwa kawaida ni kuishi humo miezi 12 mfululizo. Chuo binafsi kinachoendeshwa kwa faida kinaweza kutoza mara mbili au tatu ya hapo, na masomo yake mara nyingi hayahamishiki chuo kikuu ukitaka kuendelea. Jaza mapema FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa serikali wa masomo. Tahadhari moja ambayo wengi huigundua wakiwa dirishani: ukiwa na shahada ya kwanza, hata kama ni ya Dar es Salaam au Makerere, hupati ruzuku ya Pell, ile pesa ya serikali isiyorudishwa. Mkopo wa serikali unabaki, ruzuku hapana. Usiifiche shahada hiyo. Kusema uongo kwenye fomu ya serikali ni kosa la jinai.

Kabla ya kutuma maombi popote, hakikisha programu ina ithibati ya CAPTE, tume inayokagua programu za tiba ya viungo. Bila hiyo hufanyi mtihani wa leseni. Kuna programu mpya zinazoitwa "wagombea" wa ithibati. Zina ruhusa ya kuchukua wanafunzi, lakini ugombea hauna uhakika wa kupata ithibati, na wanafunzi wa kwanza ndio wanaobeba hatari yote. CAPTE huzilazimisha programu kutangaza takwimu zake, kwa hiyo zisome. Wastani wa miaka miwili wa waliofaulu mtihani usiwe chini ya asilimia 85. Wa wanaohitimu usiwe chini ya 60, na hapo tafakari kidogo: programu inaweza kuwa halali kabisa huku wanafunzi wanne kati ya kumi hawamalizi. Na hakuna programu ya mtandaoni mwanzo hadi mwisho. Zipo zinazofundisha nadharia kwa intaneti, lakini maabara ni lazima uende kwa miguu yako.

Masomo ya utangulizi ni anatomia na fiziolojia ya kwanza na ya pili, zote na maabara, kisha Kiingereza cha uandishi, hisabati na saikolojia. Vyuo vingine vinaongeza TEAS, mtihani wa kuingilia kozi za afya, na saa 20 hadi 40 za kukaa kliniki ukitazama kazi. Ushindani uko kwenye anatomia. Programu nyingi huchukua watu 20 hadi 30 mara moja kwa mwaka, na alama za sayansi ndizo zinazopanga foleni. C inakubalika kwenye karatasi tu. Kwenye foleni haikufikishi. Sayansi pia huchacha: vyuo vingi havikubali somo lililopita miaka mitano au saba. Vyeti vya nyumbani vitathminiwe somo kwa somo, kwa mfano na WES, shirika la kutathmini vyeti vya nje, si kwa jumla, kwa sababu tathmini ya jumla haikupi hata krediti moja. Hisabati na saikolojia za nyumbani hupita mara nyingi. Anatomia ni nadra kupita, na hata ikipita tungekushauri uirudie, maana muhula wa kwanza wa PTA unadhani misuli yote unaijua kwa majina, chanzo, kikomo na neva yake.

Afya nayo ina mtego wake kwetu. Wengi tuliozaliwa Afrika Mashariki tulichanjwa BCG, na kipimo cha kifua kikuu cha kuchoma ngozi kinaweza kuvimba kwa sababu hiyo tu. Ukivimba, utazungushwa kwenye eksirei na barua za daktari. Omba kipimo cha damu tangu mwanzo, hicho hakiathiriwi na BCG. Chanjo ya homa ya ini aina ya B kwa ratiba ya kawaida ni dozi tatu ndani ya miezi sita. Ukianza mwezi mmoja kabla ya kwenda kliniki, umechelewa.

Maabara ndipo kozi yenyewe ilipo. Wanafunzi hushikana wao kwa wao: bega, paja, mgongo, nyonga, wakiwa na kaptura na fulana nyepesi, ili mfupa na msuli vionekane. Dada anayevaa hijabu, au yeyote asiyetaka kushikwa na jinsia nyingine, azungumze na mratibu kabla ya wiki ya kwanza. Kupangiwa mwenza wa jinsia yako na kufunua sehemu inayofanyiwa kazi tu ni mambo ya kawaida yakiombwa mapema. Ila kliniki itakuletea wagonjwa wa jinsia zote, na huko huchagui.

Chukua mfano wa kupima kukunjika kwa goti kwa goniometa, kifaa kinachofanana na bikari yenye mikono miwili. Mhimili unakaa upande wa nje wa goti. Mkono usiosogea unaelekezwa kwenye mfupa unaochomoza pembeni mwa nyonga, na unaosogea kwenye mfupa uliochomoza upande wa nje wa kifundo cha mguu. Kawaida ni kama nyuzi 135 hadi 140. Kosa la kila mtu ni mhimili kuteleza goti linapokunjwa, na nyuzi kumi zinapotea au kuzaliwa bila mgonjwa kubadilika. Panga upya mikono yote mwisho wa mwendo ndipo usome.

Mitihani ya vitendo ina vipengele vya usalama ambavyo ukikosa kimoja umeanguka, hata kama mengine yote yalikuwa safi. Breki za kiti cha magurudumu hazikufungwa: umeanguka. Mkanda haukufungwa kabla ya kumsimamisha mgonjwa: umeanguka. Fimbo hushikwa mkono wa upande wa pili wa mguu mbovu. Kwenye ngazi, kupanda hutangulia mguu mzima, kushuka hutangulia mbovu pamoja na fimbo. Mwenye uzoefu wa CNA ana nguvu hapa, na pia ana tabia ya kuacha: kazini amezoea kumnyanyua mgonjwa zamu iende, huku anatakiwa kumwacha ajinyanyue, hata kwa dakika tatu.

Ukianguka somo moja, mara nyingi unasubiri mwaka mzima, kwa kuwa masomo hutolewa mara moja kwa mwaka na kwa mfuatano.

Mafunzo ya kliniki kwa wastani ni wiki 16 za kutwa nzima, bila malipo, na kituo unapangiwa. Kinaweza kuwa saa moja kwa gari. Kodi ya nyumba na pesa za kutuma nyumbani kwa miezi minne ziwekwe akiba kabla. Zamu za usiku pamoja na saa 40 za kliniki ndizo huwaangusha watu waliokwisha kuvuka maabara. Huko jifunze kuhesabu dakika. Kwa wagonjwa wasiolazwa wenye Medicare, bima ya serikali ya wazee, huduma za muda huhesabiwa hivi: dakika 8 hadi 22 ni uniti moja ya malipo, 23 hadi 37 mbili, 38 hadi 52 tatu. Dakika 7 ni sifuri.

Mtihani wa taifa husimamiwa na FSBPT, shirikisho la bodi za leseni za majimbo, mara nne kwa mwaka: Januari, Aprili, Julai na Oktoba. Una maswali 180 kwa saa nne, na alama ya kufaulu ni 600 kwenye kipimo cha 200 hadi 800. Unaruhusiwa mara tatu ndani ya miezi 12 na sita maishani. Swali likikupa mgonjwa ambaye hali imebadilika ghafla, jibu la kubadili mpango wa tiba ni mtego. PTA anasimamisha na kumwarifu mtaalamu. Jina la usajili lilingane herufi kwa herufi na kitambulisho. Sisi wa majina matatu, yaliyopinduliwa pasipoti moja hadi nyingine, tulirekebishe hili miezi kadhaa kabla. Majimbo kama Texas na Ohio yanaongeza mtihani wa sheria zake.

Kwenye usaili wa kazi ya kwanza, uliza ni asilimia ngapi ya saa zako lazima ziwe za kumhudumia mgonjwa moja kwa moja. Nyumba nyingi za wazee hudai 85 au 90, maana yake kuandika ripoti, kumsubiri mgonjwa atoke chooni na kwenda haja yako mwenyewe vyote viingie kwenye dakika zilizobaki. Uliza pia mtaalamu anayekusimamia yupo jengoni au kwenye simu.