Kuwa rafiki wa kujitolea kwa vijana waomba hifadhi Uingereza, kabla hujajaza fomu soma hii

Watu huniuliza Jumamosi huwa napotelea wapi, wanadhani nina kibarua cha pili. Sina jamani. Naenda kukaa na kijana wa miaka 17 kutoka Ethiopia, aliingia huku bila mzazi wala ndugu akaomba hifadhi, na mimi ni rafiki yake wa kujitolea. Mshahara hamna, nauli ndo unarudishiwa.

Kwanza uelewe yuko mikononi mwa nani. Akiwa chini ya miaka 18 na hana mzazi, kaunsili, yani serikali ya mtaa, ndo inamtunza kwa sheria ya watoto ya 1989, anapewa soshowoka (afisa ustawi wa jamii) na anakaa kwa familia ya kulea, au kama ana 16 na kuendelea mara nyingi nyumba moja na vijana wenzake. Na tangu 2021 kaunsili zote zenye idara ya watoto zinalazimika kugawana hawa vijana, kwahiyo mtu kashukia bandari ya Dover kule kusini unakuja kumkuta kaskazini huko hajui mtu. Soshowoka, wakili, mwalimu, wote wanalipwa kumuona. Wewe unakuja tu kwasababu umetaka, na yeye hilo analijua, tena haraka sana.

Unaomba kupitia shirika, sio unaokota kijana mtaani. Refugee Council wanahusika na hawa watoto, mkoa wa Kent kuna shirika la KRAN, kwingine ulizia tu, hata misikitini na makanisani wanajua. Kuna fomu, intavyuu, wadhamini, mafunzo, afu ule uchunguzi wa polisi wa DBS, kwa anayejitolea ni bure ila wanataka anwani zako zote za miaka 5, na sisi tunaohamahama vyumba ndo pa kukwamia hapo, yangu ilisimama wiki kadhaa kisa chumba nilichokaa miezi miwili nikakisahau.

Siku ya kwanza nilijiandaa maswali kama karani wa sensa. Kijana kakaa ukingoni mwa kiti, koti zipu mpaka kidevuni, kila swali ananijibu kwa kichwa. Nikaishiwa. Tukaenda kula chipsi, akaonja pilipili ya pale mezani akakunja uso kabisa, eti haiwashi, nikamwambia hata kwetu hii ni juisi, akacheka ndo akafungua zipu. Tangu siku hiyo maswali nimeacha, tunafanya vitu: kupika, kucheza mpira, kupanda basi mpaka mwisho wa ruti tujue panaishia wapi.

Safari yake usimuulize, hata kama roho inakuwasha. Home Office, wizara inayoamua maombi ya hifadhi, wameshamhoji, soshowoka naye, na kila mmoja kaandika, tarehe zikipishana kidogo zinaweza kumuumiza kwenye kesi yake. Akianza kusimulia mwenyewe we sikiliza. Umri nao usiutanie, ile ya kwetu ya "we mzee wewe, una ndevu hizo" iache nyumbani, kuna vijana wamebishiwa kwamba sio watoto na utani huo unawachoma. Na usishangae birthday yake kuwa 1 Januari, wengi wameandikiwa hiyo.

Sasa hii ni yetu sisi waswahili. Unaweza kupangiwa Mkongo, Mrundi, au Msomali aliyekulia Kenya, ukadhani lugha imemaliza kazi. Kumbe yeye anawaza, huyu anajua watu wanaojua watu wetu, habari zangu zitafika nyumbani kesho. Usimpeleke kwenye sherehe za jamii bila kumuuliza, picha usipige, na kwa wakili usijifanye mkalimani, wakili ana wakalimani wake.

Akikutolea bahasha ya Home Office msomee tarehe na saa ya miadi, kisha mpigie simu wakili pamoja naye. Ushauri wa uhamiaji bila kusajiliwa ni kosa la jinai, sheria ya 1999. Akiuliza mama yake ataletwa lini usimwahidi kitu, sheria za huku hazimpi mtoto mkimbizi njia ya kawaida ya kumleta mzazi. Kama walipotezana, Msalaba Mwekundu wanatafuta ndugu bure, mwambie soshowoka wake.

Hela ya soda wakati wa kuagana, ile tuliyozoea kumshikisha mtoto mkononi, hapana. Mashirika yanakataza na mi naona sawa, wiki usipokuwa nayo hatajua umekuja kufanya nini.

Kubwa kuliko yote ni saa. Nilimtumia meseji tukutane laibrari, nikaandika 2 tu, nikimaanisha saa nane mchana kwa namba za Kizungu. Waethiopia wanahesabu saa kama sisi! Akaja saa mbili asubuhi, mlango umefungwa, akangoja mpaka nilipofika na wala hakunilaumu, ndo iliniuma zaidi. Siku hizi naandika na "baada ya chakula cha mchana".

Mashirika mengi yanataka ukae angalau miezi 6 au mwaka. Ukiona huwezi kuendelea mwambie mapema, mkiwa mmekaa, mhesabu pamoja Jumamosi zilizobaki. Kuna mtu kabla yangu aliacha tu kupokea simu, na kijana mpaka leo namba yake bado anayo.