Kufunga rafu isiyo na miguu kando ya kitanda

Chumba ambacho kitanda cha futi 5 kwa 6 kimemeza karibu sakafu yote hakina mahali pa kuweka meza ndogo ya kando, na hapo ndipo rafu ya ukutani isiyo na miguu wala vishikizo vinavyoonekana inapofaa. Rafu hiyo huonekana kana kwamba imeota ukutani, ingawa ndani yake imefichwa fremu ya mbao inayobeba kila kitu. Maelezo haya yanahusu ukuta wa tofali za saruji uliopigwa plasta.

Anza na kimo. Lala kitandani, nyoosha mkono kama unayetafuta simu gizani, na mwombe mtu atie alama ya penseli pale mkono unapofika bila kujikunja. Mara nyingi uso wa rafu hukaa vizuri ukiwa sawa na godoro au juu yake kwa sentimita 5 hadi 10. Ukipandisha zaidi, utagonga kiwiko au kichwa kila unapoamka. Wanaolala ndani ya chandarua waache nafasi ya kiganja kati ya kitanda na rafu ili kitambaa kishuke wima hadi chini ya godoro, na pembe za rafu zilainishwe kwa msasa zisije zikakichana.

Tazama pia soketi na swichi. Mabomba ya nyaya yaliyozikwa ukutani kwa kawaida hupanda au kushuka wima kutoka kwenye soketi, kwa hiyo usitoboe kamwe juu wala chini yake. Drili yenyewe inahitaji umeme, hivyo kuzima swichi kuu si jambo rahisi. Ni heri kuisogeza rafu sentimita 15 pembeni kuliko kubahatisha.

Kuhusu ukubwa, urefu wa sentimita 40 na kina cha sentimita 20 vinatosha taa, kitabu na glasi ya maji. Wengi hutamani kina cha 30, nami siwashauri. Chukulia ubao wa nyuma wa fremu, ule unaofungwa ukutani, wenye kimo cha sentimita 5, ambao skrubu zake zimepita katikati. Mzigo wa kilo 5 uliotandazwa sawasawa kwenye rafu ya sentimita 20 hufanya kazi kama mzigo mmoja ulio sentimita 10 kutoka ukutani, na ubao hujaribu kupinduka kwenye ukingo wake wa chini, sentimita 2.5 tu kutoka kwenye skrubu. Matokeo yake ni kwamba skrubu huvutwa nje kwa nguvu ya takribani kilo 20. Mtoto wa kilo 15 akining'inia kwenye ukingo wa mbele, nguvu hiyo hufika kilo 120. Waliojenga nyumba za mawe za Lamu hawakuwa na taabu hii, kwa kuwa vidaka vyao, yaani vishubaka vya kuwekea vitu, vimezama ndani ya ukuta.

Fremu ni ubao wa nyuma wenye unene wa sentimita 2.5, pamoja na mikono mitatu inayotokeza mbele, iliyounganishwa kwa gundi ya mbao na skrubu ndefu zilizopigwa kutoka nyuma. Juu yake litavikwa kasha la plaiwudi lililo wazi upande wa nyuma. Lipime kasha hilo baada ya fremu kukamilika, si kabla.

Kazi yenyewe imo katika tundu. Fisha, yaani kile kibomba cha plastiki kinachoshika skrubu ukutani, ya milimita 8 yenye urefu wa milimita 40 lazima ikae yote ndani ya tofali, kwa sababu plasta haishiki kitu. Plasta ikiwa na unene wa milimita 15, toboa hadi milimita 65, ili vumbi lipate pa kukaa, na tumia skrubu ya milimita 5 yenye urefu wa milimita 80. Zungushia biti utepe kama alama ya kina. Pita plasta bila kugongesha drili, kisha washa nyundo yake ukifika kwenye tofali; lakini tofali ikiwa ya mchanga mwingi na saruji kidogo, endelea bila nyundo, la sivyo tundu litapanuka na fisha itazunguka ovyo. Ikizunguka, hamisha tundu sentimita 5. Kujazia vijiti vya kiberiti ni kujidanganya. Vaa miwani, kisha puliza vumbi lote litoke kwa mrija.

Usitoboe matundu yote kwa mpigo. Funga skrubu ya kwanza bila kuikaza sana, weka pimamaji juu ya ubao, usawazishe, ndipo utie alama za matundu yaliyobaki kupitia ubao wenyewe. Ukishakaza zote, kandamiza mikono ya fremu kwa kiganja. Ukiona upenyo ukifunguka nyuma ya ubao, fungua urudie.

Kasha lisigandishwe kwa gundi. Lishikize kwa skrubu mbili fupi kutoka chini, kwani mbao za sokoni mara nyingi huuzwa mbichi na husinyaa zikikauka: baada ya mwezi mmoja utalivua kasha na kuzikaza upya skrubu za ukutani.