Namna ya Kugombea Ujumbe wa Bodi ya Chama cha Ushirika katika Vijiji vya Kahawa vya Moshi

Mkulima wa Kibosho, Uru, Old Moshi au Marangu anayetaka kuingia katika bodi ya chama chake cha msingi cha ushirika, ambacho wengi wetu tumezoea kukiita AMCOS, anapaswa kuanza maandalizi mapema, kabla hata tarehe ya uchaguzi haijatangazwa, kwa sababu sifa nyingi zinazotakiwa hazipatikani katika wiki mbili za mwisho. Mwongozo huu nimemwandikia mwanachama wa kawaida ambaye hajawahi kushika uongozi, na hasa yule anayejiona hafai kwa kuwa si mtu wa maneno mengi. Chama kinahitaji zaidi mtu anayeweza kusoma hesabu za msimu na kuwaeleza wenzake kwa uwazi kuliko msemaji hodari, kwani katika hesabu hizo ndimo jasho la mkulima linamolindwa au linamopotelea.

Elewa kwanza unagombea kazi gani

Vyama hivi vinaongozwa na Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013, kanuni zake, na masharti ya chama chenyewe. Mkutano mkuu wa wanachama ndio wenye kauli ya mwisho. Bodi, ambayo huwa na wajumbe wasiopungua watano na wasiozidi tisa, hutekeleza maamuzi ya mkutano huo na kuwasimamia watendaji. Meneja au katibu, karani wa mizani na mlinzi wa ghala ni waajiriwa wa chama. Mjumbe wa bodi si mwajiriwa na hana mshahara. Anachopata ni posho ya vikao kwa kiwango kilichopitishwa na wanachama. Anayeingia akitarajia kipato atajikuta ama anavunjika moyo ama anatafuta njia za pembeni, na njia za pembeni zina gharama yake, kwa kuwa hasara iliyosababishwa na uzembe au ubadhirifu inaweza kudaiwa kwa mjumbe mwenyewe, kutoka katika mali yake.

Omba nakala ya masharti ya chama ofisini na uisome yote. Humo utakuta muda wa uongozi, ukomo wa vipindi, sifa za mgombea, na utaratibu wa kumpata mwenyekiti. Usitegemee maelezo ya mdomo ya mtu aliyemo ndani ya bodi, hata kama ni ndugu yako wa karibu, kwani kumbukumbu ya mtu hubadilika kulingana na anachokitaka.

Uanachama ulio hai

Jina lako liwe katika daftari la wanachama, kiingilio na hisa ziwe zimelipwa, na kahawa yako iwe inapita katika mizani ya chama. Mtu anayeuza kwa siri kwa wanunuzi wa barazani kisha akaja kuomba kura atakutana na wanachama wanaojua vizuri kahawa yake ilikokwenda, maana kijijini hakuna gunia linalopita bila kuonekana. Kama unadaiwa na chama, iwe mkopo wa pembejeo au malipo ya awali yaliyozidi, lipa na uchukue stakabadhi kabla ya kuchukua fomu.

Hapa niseme jambo linalowahusu akina mama, kwa sababu ndilo linalowaondoa wengi hata kabla mashindano hayajaanza. Kwa desturi yetu kihamba, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa, hurithiwa na mtoto wa kiume, na kadi ya chama imekuwa ikiandikwa jina la baba, ingawa mama ndiye anayechuma, anayemenya, anayeanika na anayebeba kahawa mpaka ghalani. Matokeo yake ni kwamba jasho lake linaingia katika vitabu kwa jina la mwingine, na siku ya uchaguzi yeye si mpigakura wala mgombea. Sheria haimzuii. Mama mwenye nia aombe uanachama kwa jina lake mwenyewe, akubaliane na mwenzi wake sehemu ya kahawa itakayopimwa kwa kadi yake, na afanye hivyo misimu kadhaa kabla ya uchaguzi. Mjane aende ofisini kuangalia nani aliandikwa kuwa mrithi wa hisa za marehemu, na kama hakuandikwa mtu, alifikishe jambo hilo kwa bodi kwa maandishi. Vijana waliopewa kipande cha kihamba na wazazi wao wanaweza kufuata njia hiyohiyo. Mimi naona chama chenye wastani mkubwa wa umri katika daftari lake hakiwezi kudumu kama mlango huu haufunguliwi.

Angalia pia migongano ya maslahi. Masharti ya vyama vingi huwazuia viongozi wa kisiasa, kama vile diwani au mwenyekiti wa kijiji, kushika uongozi wa chama kwa wakati mmoja. Ikiwa wewe, mwenzi wako au mtoto wako anafanya biashara ya kahawa inayoshindana na chama, au ni mwajiriwa wa chama hichohicho, litamke jambo hilo mwenyewe kabla halijatamkwa na wengine.

Jifunze hesabu za msimu mmoja mpaka uzielewe

Sehemu hii ndiyo kiini cha maandalizi, na ndiyo inayopuuzwa na wagombea wengi. Chagua msimu mmoja uliokwisha na uufuatilie kuanzia ghalani hadi mkononi mwa mkulima. Anza na jumla ya kilo zilizopokelewa kwa stakabadhi, ukizingatia kwamba wakulima wengi hupeleka kahawa ya maganda iliyokwisha kumenywa, kuoshwa na kukaushwa nyumbani, na wengine hupeleka kahawa mbivu kwenye mtambo wa pamoja. Kahawa ya maganda husafirishwa kwenda kiwandani kukobolewa, na hapo uzito hupungua: kilo 100 za maganda yaliyokauka vizuri hutoa takriban kilo 80 za kahawa safi. Ukikuta katika vitabu upungufu uliozidi sana kiasi hicho, uliza kama kahawa ilipokelewa ikiwa na unyevu, au kama mizani ya ghalani na ya kiwandani hazikulingana, na kama mizani ya chama ina muhuri wa Wakala wa Vipimo.

Baada ya kukobolewa, kahawa hupangwa kwa madaraja, kama vile AA, A, B na PB, na kila daraja huuzwa kwa bei yake. Bei za mnada wa Moshi kwa miaka mingi zimetajwa kwa dola ya Marekani kwa kilo 50, kwa hiyo ukizikuta hivyo katika vitabu jizoeze kuzibadili kuwa shilingi kwa kilo moja, tena kwa kiwango cha kubadilisha fedha cha siku ya malipo, kwani hapo ndipo mkulima hupotezwa na tarakimu. Kutoka katika mapato hayo huondolewa ushuru wa mazao wa halmashauri, ambao kwa mazao ya biashara ni asilimia 3, kisha gharama za ukoboaji, usafiri, magunia, riba ya mkopo wa benki kama chama kilikopa ili kutoa malipo ya awali, na ushuru wa chama chenyewe. Kinachobaki ndicho kinachopaswa kumfikia mkulima kama malipo ya pili au ya mwisho. Mgombea anayeweza kuandika hatua hizi zote kwenye ukurasa mmoja wa daftari, kwa tarakimu za chama chake, tayari ana kitu cha kuwaambia wanachama ambacho hawajawahi kuambiwa kwa utaratibu.

Soma pia taarifa ya ukaguzi wa nje, ambayo kwa vyama vingi huandaliwa na COASCO, shirika la serikali la ukaguzi wa vyama vya ushirika. Tazama kwanza aina ya hati iliyotolewa, yaani kama ni hati safi, yenye shaka au chafu, halafu ruka moja kwa moja kwenye hoja za mkaguzi na majibu ya bodi. Hoja inayojirudia mwaka hadi mwaka bila kufungwa inakueleza mengi kuhusu bodi iliyopo. Mwanachama ana haki ya kuona taarifa hizi. Ukinyimwa, andika barua, na nakala yake umpelekee afisa ushirika wa wilaya.

Fomu

Tangazo la uchaguzi hubandikwa ofisini na ghalani, na mara nyingi husomwa kanisani siku ya Jumapili pamoja na matangazo mengine. Siku fomu zinapotoka, chukua mapema. Andika majina yako kama yalivyo katika daftari la wanachama, kwa mpangilio uleule, hata kama kijijini unajulikana kwa jina jingine. Tofauti ndogo ya herufi imetosha kuzusha pingamizi mahali pengi. Jaza kila nafasi, na pale pasipokuhusu andika kwamba hapakuhusu badala ya kuacha wazi. Viongozi wa ushirika hutakiwa kutoa tamko la mali na madeni, hivyo andaa kumbukumbu hizo bila kuficha mkopo wala shamba. Rudisha fomu kabla ya siku ya mwisho, udai ithibati ya maandishi kwamba imepokelewa, na ubaki na nakala. Majina ya wagombea hupitiwa na maafisa ushirika na ofisi ya Mrajis Msaidizi wa mkoa, yaani msajili wa vyama vya ushirika, kabla ya kupigiwa kura. Ikiwa jina lako limekatwa, omba sababu kwa maandishi na uwasilishe malalamiko ndani ya muda uliowekwa.

Kuomba kura

Wapitie wanachama nyumbani kwao, jioni wanapokuwa wametoka shambani. Anza na wazee, uwaamkie, ukae uwasikilize kabla ya kusema shida yako. Wengi wao wamerithi kumbukumbu ndefu ya ushirika katika mlima huu: wanajua kwamba wakulima wa Kilimanjaro walianzisha chama chao cha kwanza cha kahawa mwaka 1925 wakiwa na viongozi kama Joseph Merinyo, kwamba KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, ilizaliwa mwaka 1933, na wale waliokuwa watu wazima mwaka 1976 waliona kwa macho yao serikali ikivunja vyama vya ushirika na kahawa yao ikakabidhiwa mamlaka ya zao, mpaka sheria ya mwaka 1982 iliporuhusu vyama kurudi. Mzee anayekuuliza maswali makali kuhusu fedha anauliza kwa haki, na anastahili kujibiwa kwa tarakimu ulizozifanyia kazi.

Ahidi mambo ambayo mjumbe mmoja anaweza kuyasimamia: taarifa ya makato ibandikwe ghalani baada ya kila mauzo, mizani ikaguliwe kabla ya msimu, miche bora kutoka TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa iliyopo Lyamungu, inayostahimili magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani, iagizwe kwa wakati. Usiahidi bei. Bei ya kahawa hupangwa mbali na kijiji chetu, na anayeiahidi anadanganya.

Usitoe fedha, na usimnunulie mtu mbege, pombe yetu ya ndizi, kwa ajili ya kura yake. Ninalisema hili kwa uzito, kwa sababu mjumbe aliyeingia kwa debe la mbege hana ujasiri wa kumuuliza meneja swali lolote. Msibani pia si mahali pa kuomba kura; nenda uzike, ubebe kiti, urudi nyumbani.

Siku ya mkutano mkuu

Tatizo la kwanza ni akidi. Madaftari mengi yana majina ya wanachama waliokwisha kufariki au waliohamia Dar es Salaam, kwa hiyo hesabu ya wanaotakiwa kuhudhuria inakuwa kubwa kuliko watu waliopo. Mgombea makini huomba, wiki kadhaa kabla, daftari lihakikiwe, kisha anawahimiza wanachama wote wafike, wakiwemo wale ambao hawatampigia kura.

Ukipewa nafasi ya kujieleza, dakika tatu zinatosha: jina, kitongoji, misimu uliyopeleka kahawa, jambo moja ulilolikuta katika hesabu, na utakavyolishughulikia. Usimtaje mgombea mwenzako kwa ubaya. Kura ni moja kwa kila mwanachama bila kujali wingi wa hisa, nayo hupigwa kwa siri. Kama una shaka juu ya uhesabuji, omba ihesabiwe upya palepale na hoja yako iandikwe katika muhtasari. Malalamiko yasiyoandikwa siku hiyo huwa magumu kuthibitishwa baadaye.

Ukichaguliwa

Usitie saini hati ya makabidhiano kabla hujaona kila kinachotajwa ndani yake. Bodi mpya ipite ghalani ihesabu magunia, ifungue sefu, ilinganishe salio la daftari la fedha na taarifa ya benki, ipokee hati za kiwanja na majengo, na iandike upungufu wowote siku hiyohiyo mbele ya bodi inayotoka na afisa ushirika. Baada ya hapo peleka benki muhtasari wa mkutano ili watia saini wa zamani waondolewe, omba taarifa za chama ziwe zimehuishwa katika mfumo wa usimamizi wa vyama vya ushirika, MUVU, na ulizia mafunzo ya wajumbe katika Chuo Kikuu cha Ushirika kilichopo hapahapa Moshi. Kikao cha kwanza cha bodi kiweke tarehe ya kukagua mizani, na tarehe hiyo ibandikwe ghalani ambako kila mwanachama ataiona.