Kadi ya benki ikipotea ughaibuni: benki kwanza, polisi baadaye

Kwetu, kitu kikipotea mtu huanzia polisi. Nairobi utafuata abstrakti ya polisi, Dar utaambiwa ulete ripoti ya upotevu. Ughaibuni mpangilio ni kinyume. Benki inapigiwa simu hapo hapo, hata kama ni usiku wa manane, na polisi watafuata. Mwizi wa kadi ya mkopo anatumia fedha za benki, nanyi mtabishana baadaye. Kadi ya ATM inachota kwenye akaunti yako mwenyewe, ile inayolipa kodi ya nyumba na ada ya mdogo wako.

Marekani kuchelewa kuna bei, nayo imeandikwa kwenye sheria ya mwaka 1978 ya miamala ya kielektroniki. Ukiijulisha benki ndani ya siku 2 za kazi tangu ugundue kadi haipo, hasara yako haizidi dola 50. Ukizipitisha, inaweza kufika dola 500. Zikipita siku 60 tangu benki ikutumie taarifa ya akaunti yenye miamala usiyoitambua, nawe hujasema kitu, kitakachochotwa baada ya hapo unaweza usirudishiwe hata senti. Kwa hiyo zile taarifa za kila mwezi ambazo wengi wetu hatuzifungui, zifungue.

Uingereza, kwa miamala iliyofanyika kabla hujaripoti, benki inaweza kukudai hadi pauni 35; nchi za Umoja wa Ulaya, hadi yuro 50. Ila kama uliandika namba ya siri kwenye karatasi ukaikunja pamoja na kadi, hapo benki ina hoja ya kukubebesha zaidi, na sitakutetea.

Sasa hivi programu nyingi za benki zina kitufe cha kusimamisha kadi kwa muda. Kibonyeze mara moja, hasa kama bado unadhani kadi iko chini ya kiti cha gari. Lakini usihesabu kwamba umeripoti. Ukiridhika kwamba imepotea au imeibwa, iambie benki hivyo, na uandike saa uliyopiga, jina la mhudumu na namba ya shauri. Siku ya ubishi, karatasi hiyo ndiyo shahidi wako.

Namba ya kupiga imechapwa nyuma ya kadi, ambayo huna. Ihifadhi leo, tena si kwenye simu peke yake, maana mara nyingi simu na kadi huondoka pamoja. Uingereza piga 159 uunganishwe na benki yako. Benki kubwa karibu zote zimo. Ujerumani ni 116 116, na ukiwa nje ya nchi unatanguliza +49. Huko Ujerumani kuna jambo linalowaponyoka wageni: kufunga kadi kwa simu hiyo hakuzuii malipo ya dukani yanayothibitishwa kwa sahihi tu. Polisi ndio wanaoiingiza kadi kwenye mfumo unaoitwa KUNO ili maduka yaikatae, kwa hiyo huko safari ya kituoni si ya kuahirisha.

Ukimsaidia mama aliyehamia kwako, akae karibu na simu. Benki itataka kumsikia mwenye akaunti mwenyewe, nawe unaweza kumwombea mkalimani. Na akipigiwa baadaye na mtu anayejiita "wa benki", akitaka namba ya siri au ile ya uthibitisho iliyokuja kwa ujumbe, akate.

Kabla ya kuagiza kadi mpya, hakiki anwani. Sisi tunahama sana, na kadi inayotumwa kwenye chumba cha zamani ni tatizo jipya. Uliza kama tawi linaweza kukuchapia siku hiyo hiyo, au kama namba mpya ya kadi inaweza kuwekwa kwenye simu kabla ya plastiki kufika. Kisha badilisha namba ya kadi kwenye programu unazotumia kutuma fedha nyumbani. Malipo yanayopitia namba ya akaunti hayaguswi.

Kadi ya benki ya nyumbani ikipotea ukiwa huku, mara nyingi kikwazo ni laini ya simu. Namba ya uthibitisho inatumwa kwenye laini ile ya Kenya au Tanzania iliyosajiliwa benki, nayo imelala kabatini au imeshafungwa kwa kutotumika. Iweke hai, iwe kwenye roaming, na uiongezee salio.

Ukiwa likizo Mombasa au Arusha nayo kadi ya ughaibuni ikatoweka, usitegemee mpya ikufuate upesi. Benki nyingi hutuma kwenye anwani iliyosajiliwa. Mwombe ndugu aliyebaki ughaibuni akutumie fedha kwa M-Pesa au Western Union. Au safiri na kadi mbili za akaunti tofauti, moja mfukoni, nyingine kwenye begi.